Mvua Niliyoipika

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ya siku kumi na tisa, na nimeona heri niisimulie mwenyewe katika jarida hili kabla hajaisimulia mtu mwingine na kuitia chumvi. Wengi wenu mnaijua nusu moja ya kisa hiki, ile ya basi la mashindano tulilolikosa. Leo nitawapa nusu iliyosalia.

Ilikuwa mwaka wa 2024, nasi tukiwa wageni wa kidato cha kwanza, sare zetu zikitupwaya. Siku moja mwezi wa Februari, mwalimu wetu wa Jiografia, ambaye ndiye pia mlezi wa Chama cha Kiswahili, aliingia darasani akiwa amebeba gunia la chupa tupu za soda. Tulidhani anakusanya za kuuza. Kumbe alikuwa na utafiti.

"Nyinyi mnaishi bonde moja," alisema. "Lakini je, mnanyeshewa mvua moja?"

Tulicheka. Mwalimu hakucheka. Alichora ubaoni Bonde la Mathare: juu kabisa Barabara ya Juja, kisha mteremko wa nyumba za mabati, kisha mto. Alitaka kujua kama mvua inayonyesha kule juu barabarani ni sawa na ile inayonyesha kule chini mtoni. Angechagua wanafunzi sita: wawili wa juu, wawili wa katikati na wawili wa bondeni. Kila mmoja angekuwa na kipima mvua chake nyumbani na kuandika vipimo kila siku tangu tarehe 1 Machi hadi mwisho wa Mei, yaani msimu mzima wa masika. Halafu tungechora grafu na kuipeleka katika mashindano ya sayansi ya shule za sekondari muhula wa pili. Aliposema kwamba watakaokwenda watasafiri kwa basi na kulala huko siku mbili, darasa zima liliinua mikono.

Mimi nilichaguliwa kwa sababu moja tu. Kwetu kulikuwa chini kabisa, hatua chache kutoka mtoni. Jirani yangu wa dawati ndiye aliyekuwa wa pili wa bondeni. Kusema kweli, sikumbuki siku nyingine yoyote niliyowahi kunufaika kwa kuishi kule chini.

Kutengeneza kipima mvua si kazi ngumu. Unaikata chupa ya lita mbili pale mabega yake yanapoishia, kisha unakigeuza kile kichwa na kukiingiza ndani, mdomo ukielekea chini kama faneli, ili maji yasikauke upesi kwa jua. Kwa kuwa kitako cha chupa si sawasawa, unatia kokoto na maji kidogo mpaka pale chupa inaponyooka. Hapo ndipo sufuri. Kuanzia hapo unabandika rula ya karatasi. Maji yakipanda milimita moja, basi mvua ya milimita moja imenyesha. Mwalimu alitueleza kwamba milimita moja ya mvua ikianguka kwenye mita mraba moja ya ardhi ni lita moja kamili ya maji. Wataalamu wa hali ya hewa husoma vipimo vyao saa tatu asubuhi, lakini saa tatu sisi huwa darasani. Tukakubaliana saa kumi na mbili na nusu, mradi sote tupime saa ile ile.

Tulipewa kila mmoja daftari lenye safu mbili: Tarehe na Milimita. Tafadhali msomaji, zikumbuke safu hizo mbili. Nitazirudia.

Mwezi wa Machi ulipita vizuri. Mama alianza kuniita Mtabiri. Majirani walikuwa wakiniuliza asubuhi, "Leo itanyesha ama haitanyesha?" nami nawaambia kwamba mimi hupima ile iliyokwisha kunyesha. Walicheka na kusema basi hiyo ni kazi ya bure, kwa sababu iliyokwisha kunyesha kila mtu ameiona.

Usiku wa kuamkia tarehe 24 Aprili tulikuwa likizoni. Mvua ilianza jioni. Naona aibu kusema hivi, lakini mwanzoni nilifurahi, maana nilijua asubuhi ningeandika namba kubwa kuliko zote. Nililala. Tuliamshwa na mayowe ya watu, si kishindo cha maji. Nilipoteremsha mguu kutoka kitandani, ulizama hadi kwenye goti.

Mama alimwinua mdogo wangu. Baba alikuwa akipambana na mlango uliokataa kufunguka. Mimi nilipanda juu ya meza nikachukua daftari langu lililokuwa juu ya kabati, nikalitia kifuani ndani ya sweta.

"Wewe! Unatafuta nini huko? Shika mtoto!" mama alifoka.

Tulitoka tukishikana mikono kama watoto wa chekechea wanaovuka barabara. Kipima mvua changu kilikuwa kimefungwa kwa waya kwenye kigingi nje ya nyumba. Chupa, kigingi na waya, vyote vilikwenda na maji. Kulipopambazuka, watu walikuwa juu ya mapaa wakiita. Siku tano baadaye, tarehe 29, tulisikia habari za Mai Mahiu, ambako maji yaliwazoa watu wakiwa usingizini. Msimu ule mafuriko yaliwaua watu zaidi ya 200 nchini. Shule zilizokuwa zifunguliwe tarehe 29 Aprili ziliahirishwa hadi tarehe 6 Mei, zikaahirishwa tena, na mwishowe zikafunguliwa tarehe 13 Mei.

Siku hizo zote sisi tulilala katika ukumbi wa kanisa kule juu barabarani. Nilikuwa na daftari lakini sina chupa. Siku ya kwanza niliacha nafasi. Siku ya pili nikaacha nafasi. Siku ya tatu zile nafasi mbili zilikuwa zikinikodolea macho. Nikakumbuka jinsi mvua ilivyovuma usiku ule, nikachukua kalamu na kuandika: 24 Aprili, milimita 63. Tarehe 25, milimita 4. Kuanzia hapo nikawa mpishi. Kila asubuhi nilitazama angani na kupika mvua. Tena nilipika kwa ufundi: nilitia siku kavu hapa na pale, nikaepuka namba zinazoishia na sufuri, na nikabadilisha kalamu mara mbili ili isionekane kwamba nimeandika kwa mkupuo.

Msinielewe vibaya. Sikuwa nikilitamani basi. Tulikuwa tumepoteza godoro, sufuria, sare yangu na cheti cha kuzaliwa cha mdogo wangu. Nilitaka kitu kimoja tu changu kiwe kizima, na kitu chenyewe kilikuwa lile daftari.

Shule zilipofunguliwa, Mwalimu aliitisha madaftari. Sita hayakufika. Yalifika matano: mawili ya juu, mawili ya katikati na langu. Jirani yangu wa dawati hakuja. Mapema mwezi huo tingatinga zilikuwa zimebomoa nyumba zilizo ndani ya mita 30 kutoka mtoni, na jamaa yake wakaenda mashambani. Daftari lake lilikuwa limekwenda na maji hata kabla ya hapo. Kwa hivyo bonde zima lilikuwa mikononi mwangu.

Mwalimu alilifungua daftari langu, akalipindua kurasa, kisha akaliinua juu ili darasa zima lione.

"Huyu amelala kwenye sakafu ya kanisa," alisema, "na hakukosa hata siku moja. Nilidhani utafiti wetu umekwisha. Kumbe bado tunaweza!"

Wakanipigia makofi. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Juma lile lote Mwalimu alishinda akichora grafu kwenye karatasi ya manila: mstari mwekundu wa juu, wa kijani wa katikati, wa samawati wa bondeni. Mimi ndiye niliyekuwa nikimsomea namba. Tulipofika mwanzo wa Mei aliacha kuchora, akainama karibu na karatasi.

"Hebu ona hapa. Siku hii juu kulinyesha sana, lakini bondeni kulikuwa kukavu kabisa. Hii si kawaida. Huenda tumegundua jambo."

Alichukua kitabu chake akaandika jambo hilo na kulipigia mstari chini. Hapo ndipo tumbo lilinisokota. Nilikuwa nimedhani ninajaza nafasi tu. Sasa mtu mzima, tena mwalimu, alikuwa akifikiria na kujikuna kichwa kuhusu siku kavu niliyoitoa kichwani mwangu nikiwa nimekaa kwenye benchi la kanisa.

Usiku huo sikupata lepe la usingizi. Siku iliyofuata, Alhamisi, nilipiga moyo konde nikaenda kumwona.

"Mwalimu, ile mvua ya bondeni, niliipika."

"Uliipika vipi?"

"Kutoka tarehe 24. Chupa ilienda na maji. Zote za kuanzia hapo nilijiandikia tu."

Aliiweka kalamu mezani. Alikaa kimya muda mrefu, nami nikangoja anifukuze. Alitazama grafu, akautazama ule mstari wa samawati, kisha akaniuliza swali ambalo sikulitarajia.

"Maji yalifika wapi?"

"Wapi, Mwalimu?"

"Nyumbani kwenu. Usiku ule. Yalifika wapi?"

Sikuwa na namba. Nikaweka mkono kifuani.

"Na hapa umeandika milimita 63," alisema. Akaitazama rula, akautazama mkono wangu, akaitazama rula tena. Ya mwongo wangu hakuyataja tena siku hiyo. Aliniambia niende darasani.

Ijumaa alikuja na kutangaza kwamba utafiti umevunjika, kwamba vipimo vya bondeni havipo tangu tarehe 24 Aprili, na kwamba atatuondoa katika mashindano. Hakusema ni nani wala kwa nini. Nilisimama mwenyewe nikasema. Wenzangu wa juu, ambao chupa zao zilikuwa salama na walikuwa wamepima kwa haki siku zote, walinigeukia kama nyuki.

"Si ungenyamaza tu! Sasa basi letu limeenda hivyo!"

Walikuwa na haki ya kukasirika. Mwalimu aliwaacha waseme mpaka wakamaliza. Halafu akasema maneno ambayo nimeyahifadhi hadi leo.

"Kosa la kupika ni lake, na amelikiri. Lakini mimi niliwapa daftari la safu mbili. Sikuwapa mahali pa kuandika 'sikupima'. Hilo ni langu. Na kuna kosa kubwa zaidi, nalo pia ni langu. Mlango wa nyumba ya mtu umezama, nami namuuliza chupa yake ina milimita ngapi."

Akageuka ubaoni. Alituonyesha kwamba Mto Mathare hauanzii Mathare, unakuja kutoka sehemu za juu magharibi ya jiji. Akatupigia hesabu: mvua ya milimita 50 ikinyesha kwenye kilomita mraba moja tu ni lita milioni 50 za maji. Na huko juu kuna kilomita mraba nyingi za lami na mapaa ambayo hayanywi maji, hivyo yote hukimbilia mtoni. Hata chupa zetu zote sita zingekuwa nzima, zisingetueleza kwa nini maji yalinifika kifuani.

"Swali letu jipya ni lile nililomuuliza mwenzenu jana," alisema. "Maji yalifika wapi? Jibu bado liko kwenye kuta, ile mistari ya tope. Lakini kuta zinaoshwa, zinapakwa rangi, zinabomolewa. Tukichelewa, limepotea."

Baada ya kipindi nilitaka kuzirarua zile kurasa zangu. Mwalimu alinizuia. "Usirarue. Piga mstari mmoja, maandishi yasomeke bado, na kando uandike ni nini." Nikapiga mstari, nikaandika: Haya nilipika.

Jumamosi mbili zilizofuata tuliteremka bondeni na barua ya shule mkononi, tukaanza kwa mzee wa mtaa. Vifaa vyetu vilikuwa futi ya fundi wa nguo, kamba iliyofungwa fundo kila mita moja, na madaftari mapya yenye safu ya ziada iliyoandikwa Maelezo. Tatizo lilijitokeza mara moja. Kupima urefu wa tope ukutani ni rahisi, lakini nyumba moja ina sakafu ya juu na nyingine ina sakafu ya chini. Utajuaje kama maji yenyewe yalikuwa sawa?

Jioni nilimweleza baba. Baba yangu ni mwashi. Alicheka, akasema hilo ni jambo la mtoto mdogo katika kazi yake. Jumamosi ya pili aliacha kibarua chake akaja na mpira wake mwembamba unaopitisha mwanga, ukiwa umejazwa maji. Ukishika ncha moja hapa na mwenzako akashika nyingine kule, hata kama kuna kona katikati, maji ya ncha zote mbili hukaa usawa mmoja. Mafundi hunyoosha misingi ya nyumba kwa mpira huo. Mwalimu aliweka kitabu chake chini akasimama nasi kwenye mstari, na baba akatufundisha. Sikuwahi kumwona baba akiitwa mwalimu na mwalimu.

Watu hawakutupokea vivyo hivyo tu. Wengine waliuliza, "Mnaandika majina ya msaada?" Wengine walidhani tunaweka alama za tingatinga, wakatufungia milango. Mwalimu alitufundisha kusema wazi kabla ya yote: "Hatuna msaada, tuna futi tu." Mama mmoja muuza samaki alikataa katakata. Tulidhani Mwalimu atambembeleza. Alimshukuru, tukaandika kwenye Maelezo: Hatukupima, mwenyewe hakupenda.

Tulipima kuta 17. Alama ya chini kabisa ilikuwa sentimita 38 kutoka sakafuni, ya juu kabisa 174. Kwetu, tingatinga zilikuwa zimeondoa mbele yote na kubakisha ukuta wa nyuma. Mimi ndiye niliyeshika futi. Ilikuwa 131.

Mpira wa baba ulituonyesha jambo ambalo macho hayakuliona. Alama za nyumba zinazokaribiana zilikuwa karibu usawa mmoja, hata kama mmoja alizama magotini na jirani yake shingoni. Tofauti ilikuwa ya sakafu. Lakini kwenye kidaraja cha miguu mambo yalibadilika: upande wa juu wa mto, alama zilikuwa juu zaidi kwa sentimita 46 kuliko upande wa chini. Kidaraja kile kilikuwa bado kimeziba kwa matawi, nguo na magodoro. Nyumba yetu ilikuwa upande wa juu.

Nilitaka kuandika kwa herufi kubwa kwamba taka za daraja ndizo zilizotufurikisha. Mwalimu alinikatalia. "Sisi hatukuwapo darajani usiku ule. Andika tulichopima: sentimita 46, na daraja limeziba. Anayesoma ana akili."

Tuliandika ripoti ya kurasa tatu za fulskepu na kumpa mzee wa mtaa nakala. Mwezi wa Juni vijana wa mtaa walikizibua kidaraja. Sitasema ni kwa sababu yetu, maana huenda wangekizibua hata hivyo. Mashindano yalipita bila sisi. Wenzangu wawili wa juu hawakunisemesha kwa majuma mawili, na sikuwalaumu.

Katika ripoti ile mna mstari mmoja usio na namba, una kistari tu. Kwenye Maelezo tuliandika: Nyumba ilibomolewa kabla ya kupimwa, mwenyewe hayupo. Ndiye jirani yangu wa dawati. Hakurudi. Jina lake lilisomwa kila asubuhi hadi mwisho wa mwaka, nasi tunanyamaza mpaka Mwalimu aendelee na linalofuata.

Ukuta wetu nao haupo tena. Juma moja baada ya kuupima watu walichukua mawe yake, nasi tukahamia Huruma. Zile sentimita 131 zimebaki ndani ya daftari tu, na daftari lenyewe liko katika kabati la Chama, rafu ya chini. Kurasa chache kabla yake kuna mvua yangu ya siku kumi na tisa, imepigwa mstari na inasomeka.

Nasikia wadogo zetu wa Gredi ya 10 wameanza mradi wao mwaka huu wa 2026, na kwamba wamekuja kuuliza daftari la kupima linachorwa vipi. Ndugu zangu, chukueni lile letu mlitazame. Mkikosa kupima, andikeni mmekosa. Safu ya tatu ni ya kazi hiyo.